Kuni za Juni Hutafutwa Septemba

Mwezi wa sita ukipanda gari asubuhi Mtwara mjini, unaondoka na shati la mikono mifupi na jasho shingoni. Gari linapita Nanyamba, linapita Tandahimba, na kwa kuwa uwanda wa Makonde unapanda polepole mno, huhisi kwamba unapanda. Unashtukia jioni unaposhuka Newala, upepo unakupiga kutoka upande wa bonde la Ruvuma nawe huna hata shuka la kujifunika. Nimewaona wageni wengi stendi wakijikumbatia mabega. Sisi wenyeji huwapokea kwa swali moja tu: "Kwani hukuambiwa?"

Wenzetu wa pwani, wa Mikindani, wa Lindi, wa Kilwa, ukiwaambia kwamba katika mkoa wa Mtwara kuna watu wanaota moto usiku, wanadhani unawatania. Kwao kuni ni za kupikia wali na kuchomea samaki, na kama ni vifuu na makumbi ya nazi, basi yanatosha. Lakini Newala iko ukingoni mwa uwanda. Simama pale Shimo la Mungu saa kumi na mbili asubuhi mwezi wa saba, uone ukungu ulivyojaa bondeni kama maziwa kwenye kata, na baadaye uone unavyopanda kuja kutukuta sisi huku juu. Kufikia saa moja umeshaingia mjini. Nguo zilizoachwa kambani zina maji. Mikorosho inadondosha umande kama vile mvua imenyesha.

Mimi nimelelewa na bibi mzaa mama, na kwa kuwa nyumbani hapakuwa na mtoto wa kike, kazi zote ambazo wavulana wenzangu waliziita za wasichana nilizifanya mimi. Maji nimechota, kisamvu nimetwanga, na kuni nimesenya tangu nikiwa na miaka sita. Nashukuru. Watu wengi wa rika langu wanajua kukoka moto, lakini kuni hawazijui. Wanajua kununua tita na kuwasha kiberiti. Ukiwauliza kwa nini moto wao unatoa moshi na joto halipo, wanalaumu upepo.

Bibi alikuwa akiniita mume wangu, kama bibi wote wanavyowaita wajukuu wao wa kiume, na neno lake kuhusu kuni lilikuwa hilihili nililoliandika juu: "Mume wangu, kuni za Juni hutafutwa Septemba." Nilipokuwa mdogo niliona ni usumbufu. Septemba jua ni kali, mchanga unaunguza nyayo, nani anafikiria baridi? Nilikuja kuelewa nikiwa mtu mzima, tena kwa gharama ambayo nitaieleza hapo chini.

Tazama mwaka wetu ulivyo. Huku kusini hatuna vuli na masika kama wenzetu wa kaskazini. Mvua zetu ni msimu mmoja, zinaanza Novemba au Desemba, zinakatika Aprili au Mei. Halafu kipupwe kinaingia palepale. Hakuna nafasi katikati. Anayesema atatafuta kuni mvua zikikatika anaingia porini mwezi wa tano na kukuta kila tawi lililoanguka limelowa miezi mitano, limeota kuvu, gome limegeuka sponji. Atalianika wiki mbili, tatu, chini ya ukungu ule ule nilioueleza, na Juni itamkuta anapuliza moshi. Miezi pekee ambayo kuni hukauka kwelikweli ni kuanzia Agosti hadi Oktoba. Ni miezi hiyohiyo ambayo kila mtu macho yake yako kwenye korosho. Kuna kufagia chini ya mikorosho ili korosho zikidondoka zionekane, kuna kuandaa mashamba, kisha kuanzia Oktoba kuna kuokota. Mama wa nyumba anaamka alfajiri kuokota korosho, anarudi mchana kupika, kisha unamwambia pia akusanye kuni za baridi ambayo iko miezi minane mbele. Ndiyo maana nyumba nyingi hazikusanyi. Watu si wavivu, siku ndiyo haitoshi.

Bibi alilitatua hilo kwa njia yake. Septemba watu wanafyeka vichaka kuandaa mashamba, na kabla hawajachoma moto, yeye alikuwa anapita kwa majirani kuomba. "Kabla hujawasha, mwanangu, niachie siku mbili." Hakuna aliyemkatalia. Tulikuwa tunaingia na panga na nyengo, tunakata vipande vya urefu wa mkono, tunafunga matita kwa kamba za magome, ngata kichwani, tunabeba. Ni mti uliokwisha kukatwa, ungeungua bure. Hata leo nikiona shamba linachomwa Oktoba huku jirani akinunua kuni kwa muuza baiskeli, roho inaniuma.

Kulikuwa pia na kuni za mikorosho iliyoachwa, na hizo zina habari yake. Bibi alihamia kijijini wakati wa vijiji vya ujamaa, miaka ya 1970. Kabla ya hapo familia ziliishi zimetawanyika mashambani, kila moja na kichaka chake nyuma ya nyumba, na kuni hazikuwa jambo la kuzungumzia. Watu walipokusanywa mahali pamoja, vichaka vya jirani viliisha upesi, na mashamba ya zamani yakabaki mbali. Mikorosho mingi ikaachwa, ikamezwa na pori. Zao la korosho la nchi hii, lililofika tani 145,000 msimu wa 1973/74, lilishuka hadi chini ya tani 20,000 msimu wa 1986/87. Kuhama huko ni sababu mojawapo, bei mbaya ni nyingine, na ugonjwa wa ubwiriunga ni nyingine. Bibi hakujua hesabu za tani. Alichojua ni kwamba mikorosho aliyoipanda na mumewe ilikuwa inakauka bila mtu kuipogolea, na kwamba mara mbili kwa wiki alitembea kilomita kadhaa kwenda kuivunja matawi makavu aje kunipikia na kunipasha joto. Alikuwa akifika anaigusa kwanza kwa kiganja, mmoja mmoja, kabla ya kuanza kukata. Nilidhani anapima ukavu.

Nitaje na mambo ya miti, maana kila mti una tabia yake motoni. Mkorosho ukikauka ni mwepesi, unashika moto haraka na kuisha haraka. Ni kuni nzuri ya kuanzishia na ya chai ya asubuhi, lakini usiku wa kipupwe hautakufikisha mbali. Angalia utomvu wake unapokata mbichi, unawasha ngozi. Na tafadhali usitupe maganda ya korosho ghafi kwenye moto mnaokaa kuuota. Yana mafuta makali, yanawaka kwa nguvu kweli, lakini moshi wake unachoma macho na koo. Mwembe ni wa kuvumilia: ukiwa mbichi unafuka kutwa nzima, ukikauka unakaa. Miti ya mbaazi, ile fito inayobaki shambani baada ya kuvuna, ndiyo viberiti vyetu. Inalipuka kwa mwali mkubwa na dakika tano baadaye ni jivu, kwa hiyo kila nyumba inapaswa kuwa na mafungu yake pembeni ya jiko. Mtondoro, kwa walio karibu na miombo upande wa Nachingwea na Masasi, huo ndio wa usiku. Makaa yake yanakaa hadi alfajiri. Mpingo unatoa joto kuliko yote, ni mti mzito unaozama majini, lakini kuuchoma mpingo mzima ni kuchoma pesa na kuchoma kazi ya mikono ya wachongaji wetu. Vibanzi vinavyobaki chini ya mchongaji, hivyo sawa, omba. Na mikoko ya kule pwani iache ilivyo. Inalindwa na sheria, na samaki wanaanzia pale kwenye mizizi yake. Kwa ujumla kukata miti kwa biashara bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, lakini mimi hapa nazungumzia kuni za nyumbani, na kuni bora za nyumbani ni mti ambao tayari umekufa.

Sasa kuchanja. Hapa ndipo wanaume wenzangu tunapokosea, na nalisema kwa uchungu. Tunaona kuni ni shughuli ya kina mama mpaka mwisho, kwa hiyo mama anabeba kile anachokiweza, yaani matawi membamba, na magogo manene yanayofaa kwa joto la usiku yanabaki porini yakiliwa na mchwa. Mwanamke aliyetoka kisimani na shambani hawezi kuongezewa shoka. Chukua shoka wewe.

Gogo halipasuliwi kwa hasira. Lisimamishe juu ya gogo jingine, si juu ya mchanga, maana mchanga unameza pigo na unaharibu makali. Tazama kichwa cha gogo. Ukiona nyufa nyembamba zinatoka katikati kwenda pembeni kama mikunjo ya kiganja, gogo limekwisha kuanza kupasuka lenyewe, linakusubiri. Fuata ufa mmoja, piga ukingoni kwanza, si katikati. Shoka likinasa, usilivute kwa kuyumbayumba, utavunja mpini. Geuza gogo pamoja na shoka, ulipigize kisogo chake chini. Penye fundo, yaani pale tawi lilipotokea, acha. Zunguka. Nyuzi za mti pale zimesukana na utamaliza nguvu zako zote kwa kipande kimoja. Mafundo tuliyaweka pembeni, na bibi aliyatumia kwa kazi maalumu: ndiyo aliyoyafukia kwenye majivu usiku ili asubuhi pawe na kaa la moto la kuanzia. Miaka niliyokaa naye sikumbuki tukinunua viberiti viwili kwa mwezi.

Kwa nini kupasua, wakati gogo zima lingewaka tu? Kwa sababu maji ya mti hayatoki kwa urahisi kupitia gome. Ukuni uliokatwa leo, karibu nusu ya uzito wake ni maji. Ukipasuliwa na kukaa mahali penye upepo miezi kadhaa, maji yanabaki kama sehemu moja kwa tano. Usipoukausha, kazi hiyo unaupa moto. Kabla haujakupasha wewe joto unachemsha kwanza maji yaliyomo ndani ya ukuni, na ndiyo ile sauti ya kufoka na povu unaloliona likitoka kwenye kichwa cha ukuni. Joto linaishia kwenye mvuke na kwako wewe unabaki moshi.

Kujua ukuni umekauka hauhitaji kifaa. Shika viwili uvigonganishe. Kavu inalia ko, ko, kama kengele ya mti. Mbichi inasema bu. Gome linabanduka lenyewe. Ukiuinua, mkono unashangaa jinsi ulivyo mwepesi.

Kuni zilizopasuliwa tunazipanga kwenye uchaga. Nguzo nne zenye panda, fito juu yake, kimo cha goti kutoka ardhini kwa ajili ya mchwa. Juu bati au nyasi, pembeni wazi. Watu wanaofunika kuni kwa turubai mpaka chini wanazitia jasho. Mvua isizipate, lakini upepo uzipite. Usiziegemeze ukutani mwa nyumba, utawaalika mchwa kwenye boriti zako. Na usiingize mkono ndani ya rundo bila kutazama, hasa jioni. Nyoka naye anapenda mahali pakavu.

Sasa ile gharama. Mtoto wetu wa kwanza alizaliwa Julai mwaka 2011. Nilikuwa nimeshahamia nyumba ya matofali na bati, nimejiona mtu wa mjini, uchaga sikujenga. Mke wangu aliporudi na mtoto, baridi ilikuwa kali wiki ile, na mzazi anahitaji maji ya moto ya kukandwa na chumba cha joto. Nikanunua kuni kwa kijana wa baiskeli. Zilikuwa mbichi, na mimi mwenyewe niligonganisha mbili nikasikia bu, nikalipa hivyohivyo kwa sababu hapakuwa na nyingine. Siku mbili tulipika kwa machozi. Usiku wa tatu nikachoka, nikanunua mkaa, nikaliwasha jiko, na moshi ulipoisha nikaliingiza chumbani, nikafunga mlango na dirisha ili joto lisitoke.

Mama yangu mzazi alikuwa amelala chumba cha pili. Alisikia mke wangu anajaribu kuamka na kuanguka. Alipoingia hakuuliza kitu, alipiga teke jiko hadi koridoni, akafungua dirisha, akamchukua mtoto akatoka naye uani gizani, kwenye baridi ileile niliyoikimbia. Mimi nilikuwa nimelala na sikusikia lolote. Nilizinduka nikiwa nimekalishwa kwenye ngazi, kichwa kinagonga kama kinu. Mtoto alikuwa amelegea, halafu akalia. Kilio kile bado nakisikia.

Mkaa unaoungua mahali palipofungwa unatoa hewa inayoitwa kabonimonoksidi. Haina rangi, haina harufu, haikohozeshi. Inashika damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, kwa hiyo unapumua vizuri kabisa huku mwili unakosa hewa. Unaanza kwa usingizi mtamu. Moshi wa kuni mbichi una ubaya wake, lakini angalau unakufukuza. Ndugu yangu unayesoma ukiwa Newala, Makete, Lushoto au popote penye baridi, jiko la mkaa lisilale chumbani na watu. Hata kwa dakika kumi. Hata dirisha likiwa na upenyo.

Bibi naye alikuwa anapeleka joto chumbani, ila kwa njia nyingine. Sote tulikaa kwenye banda la jiko mpaka usiku, mlango wazi, ming'oko au mihogo imefukiwa kwenye jivu, moto wa kuni kavu usio na moshi mwingi. Wakati wa kulala ukifika alikuwa akiipitisha kanga juu ya makaa, mara moja upande huu, mara moja upande ule, kwa haraka isishike moto, kisha ananizungushia ikiwa bado ya moto na kunisukuma kwenda kitandani. Joto lile lilitosha mpaka usingizi unishike. Moto wenyewe ulibaki jikoni, chini ya majivu, pamoja na fundo lake.

Najua kuna watakaosema zama za kuni zimepita. Serikali ina mkakati wa nishati safi ya kupikia wa mwaka 2024 hadi 2034, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo 2034, na mimi ninauunga mkono kwa moyo wote. Nina mtungi wa gesi nyumbani, na chai ya asubuhi mke wangu haipiki tena kwenye moshi. Gesi ya Mnazi Bay iligunduliwa mwaka 1982 hapahapa mkoani kwetu, na inapita kwenye bomba hadi Dar es Salaam. Ningependa kuona siku inapofika kila jiko la Newala kwa bei ambayo mwokota korosho anaiweza. Macho ya mama yangu yameharibiwa na moshi wa miaka hamsini, sina sababu ya kuutetea. Lakini mtungi wa gesi hauwezi kuotwa na watu saba usiku wa Julai. Kwa joto bado tunategemea kuni, na maadamu tunazitegemea, ziwe kavu, ziwe za mti uliokufa, na banda la jiko liwe na njia ya kutolea moshi. La kwangu nimelitoboa juu na kuweka bomba la bati. Mama amekaa humo kipupwe kilichopita bila kufuta machozi.

Tangu mwaka ule wa 2011 sijaruka Septemba hata moja. Yule mtoto aliyelia uani sasa ni msichana anayenishinda kuvumilia jua. Mwaka huu tumepata kuni kwa jirani aliyekata mikorosho yake mikongwe ili apande mipya. Tulikwenda Jumamosi tatu, mimi na shoka na kabari, yeye na mdogo wake wa kiume wakipanga. Anagonganisha kila kipande kabla ya kukipandisha kwenye uchaga. Vinavyosema bu anavitupa rundo la pili, na rundo hilo ni kubwa kuliko nilivyotaka.

Uchaga umejaa kasoro mstari mmoja. Nimebakiza kupigilia bati la upande wa kaskazini, mvua zinakotokea. Mama ameshaniuliza mara mbili lini, na leo jioni mawingu yamekaa vibaya juu ya bonde, kwa hiyo naweka simu chini hapa niende nikatafute misumari.